Nukta zimetosha, tupeni diski safi

Ndugu mwandishi, unauliza kama picha na sauti za diski zitazidi kuwa bora. Kwa hesabu, zimepanda sana. VCD ya 1993 ilikuwa na nukta 352 kwa 288. DVD ikafika 720 kwa 576. Blu-ray ya 2006 ikapanda hadi 1920 kwa 1080, na ile ya 4K ya 2016 ina nukta mara nne ya hizo. Lakini jicho lina mpaka wake. Kwenye televisheni ya inchi 32, ukikaa mita tatu, hizo mbili za mwisho huzitofautishi.

Hapa mtaani Kirumba shida yetu ilikuwa nyingine. Diski za sokoni ziliandikwa "filamu 20 ndani ya moja". DVD ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7, gawanya kwa 20, kila filamu inabaki na megabaiti 235 tu. Ndiyo maana mwigizaji akianza kukimbia, uso wake ulivunjika kuwa miraba midogo. Tuliitoa diski, tukaipangusa kwa upindo wa shati, tukairudisha. Wapi! Kosa halikuwa vumbi.

Na sauti? Hata irekodiwe kwa njia sita, spika ilikuwa moja, na jenereta inanguruma mlangoni.

Kwa hiyo wanaotengeneza wasituongezee nukta. Watuuzie filamu moja kwa diski moja, iliyonakiliwa vizuri. Hata DVD ile ile ya zamani itatutosha.