Kaliba Kubwa Haimfichi Mpigaji Duni

Msimu wa uwindaji unapokaribia, hapa Dodoma huzuka mjadala uleule miongoni mwa wenye vibali na wanaovitamani: ni risasi ipi ifaayo kumwangusha pofu? Jibu la wengi ni jepesi: nunua iliyo kubwa kuliko zote. Nalipinga jibu hilo, kwa kuwa gharama ya kosa lake hailipwi na mnunuzi.

Pofu si swala. Dume lililokomaa laweza kufikia kilo 900, hivyo lahitaji risasi nzito, yenye kichwa imara kisichosambaratika kinapogonga mfupa wa bega. Kaliba ya .375 H&H, iliyotoka mwaka 1912, inatosha kabisa. Hata .30-06 yenye kichwa kilichoundwa vyema inatosha, mikononi mwa mtu mtulivu. Lakini .375 hulisukuma bega la mpigaji kwa nguvu inayokaribia mara mbili. Anayeogopa pigo hilo hufumba macho na kufyatua kwa pupa, na risasi iliyokusudiwa moyo huishia tumboni. Tumbo lililotobolewa kwa kaliba kubwa bado ni tumbo: mnyama atatembea saa nyingi akiteseka kabla ya kufa.

Watanijibu kwamba nyati na tembo wanataka nguvu. Ni kweli, na ndiyo maana nchi nyingi za Afrika zimeweka .375 kuwa kiwango cha chini kwa wanyama hatari. Siombi kiwango hicho kishushwe. Nakumbusha tu kwamba Mskoti W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja mwanzoni mwa karne iliyopita, aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa kaliba ndogo ya milimita 7. Simsifu kwa mauaji hayo. Nasema alijua ubongo wa tembo ulipo.

Basi nani hulipa? Kule Manyoni, vijiji vinapakana na mapori ya akiba ya Muhesi na Kizigo. Sheria inamtaka mwindaji amfuatilie na kummaliza mnyama aliyemjeruhi. Asipofanya hivyo, yeye hurejea mjini na gari lake, naye nyati mwenye jeraha hukutana na mama anayeokota kuni au mtoto anayechunga mbuzi.

Mkulima mwenye gobore tunamwita jangili, na gobore kweli hujeruhi. Mwenye kibali akijeruhi kwa bunduki ya mamilioni, tunamwita mwindaji. Mnyama hajui tofauti hiyo.

Ndugu zangu watumishi wa umma mnaosimamia vibali: jaribio la shabaha liwe msingi wa kila kibali, nalo lifanyike uwanjani, si kwenye fomu. Mwombaji apige risasi tatu, kwa bunduki atakayoiwindia, kwenye shabaha yenye upana wa sahani, umbali wa mita 100. Akikosa hata moja, arudi akajifunze. Kaliba hununuliwa dukani, shabaha haiuzwi.