Ramallah Haina Wapiga Kura, Ina Wafadhili

Mahmoud Abbas alichaguliwa rais wa Mamlaka ya Palestina, yenye makao Ramallah, Januari 2005 kwa muhula wa miaka minne. Hesabu mwenyewe. Mzee huyu aliyezaliwa 1935 bado amekalia kiti, na Mpalestina aliyezaliwa 1989 hajawahi kumpigia kura rais wala mbunge.

Sasa kiti chenyewe kinarithishwa kwa amri. Sheria ya Msingi ya Palestina ilisema wazi: rais akifa, Spika anakaimu siku 60, kisha kura. Ndivyo ilivyokuwa mtangulizi wake, Yasser Arafat, alipofariki Novemba 2004; Spika Rawhi Fattouh alishika, na Januari wananchi wakachagua. Leo hakuna Spika kwa sababu Abbas alilivunja bunge mwaka 2018. Aprili 2025 kikaundwa cheo cha makamu wa rais, Abbas akampa Hussein al-Sheikh, mtu wake wa miaka mingi katika mambo ya vibali na mazungumzo na Israel. Oktoba akatia saini kwamba huyo ndiye atakayekaimu. Marwan Barghouti, anayeongoza kura za maoni za urais mara kwa mara, yuko jela ya Israel tangu 2002.

Jeuri hii inatoka wapi? Mkono mtupu haulambwi, na mikono inayoijaza hazina ya Ramallah si ya Wapalestina. Kwa Itifaki ya Paris ya 1994, Israel ndiyo inayokusanya ushuru wa bidhaa zao, inakata asilimia 3 kama ujira wake, kisha inakabidhi. Ikipenda! Waziri wa Fedha wa Israel Bezalel Smotrich amezifanya fedha hizo kitanzi, na walimu wa Ukingo wa Magharibi wanapokea vipande vya mishahara. Ulaya inaziba pengo kidogo na kuhubiri mageuzi.

Mageuzi gani? Mwaka 2006 Wapalestina walipiga kura, kundi la Hamas likapata viti 74 kati ya 132 vya bunge, na wafadhili wakafunga mifuko. Abbas alilielewa somo hilo kuliko yeyote. Alipoahirisha uchaguzi wa 2021 kwa hoja kwamba Israel haikuruhusu kura Jerusalem Mashariki, Ulaya ilisikitika kwa maneno, ikaendelea kulipa. Miezi miwili baadaye Nizar Banat, mkosoaji wake mkali, alifia mikononi mwa askari wa Mamlaka.

Hamas nayo isijitie utakatifu. Tangu iiteke Gaza 2007 haijarudi kwa wapiga kura, na kuanzia 2018 ilipokea masanduku ya dola za Qatar kwa ridhaa ya Waziri Mkuu wa Israel, Benjamin Netanyahu, aliyejua faida ya kuwa na Wapalestina wawili wasiosemezana. Kisha Oktoba 7, 2023 wachache wa Hamas wakaamua, wakaua ndani ya Israel, na watu wa Gaza ambao hawakuulizwa wakafukiwa na mabomu ya Israel kwa makumi ya maelfu.

Mwaka 2025 Abbas aliahidi uchaguzi ndani ya mwaka mmoja vita vikiisha. Basi Brussels na Washington waseme mapema, hadharani: akishinda wasiyemtaka, watalipa?