Sungura na Simbilisi Katika Banda Moja

Huku kwetu Kivu watoto wengi hufuga simbilisi pamoja na sungura, nao huwapa wote pumba na nyasi kavu. Sungura hunenepa, simbilisi huvimba viungo, hukataa kutembea, mwisho hufa. Wengine husema wamerogwa. Hayo ni maneno ya bure. Mwili wa sungura hujitengenezea vitamini C. Mwili wa simbilisi hauwezi, wala wetu sisi wanadamu hauwezi. Basi simbilisi apewe kila siku majani mabichi na kipande kidogo cha pera. Lakini sungura mkubwa atamnyang'anya, tena teke lake huumiza vibaya. Gaweni banda kwa ubao wenye tundu apitalo simbilisi tu, na chakula chake kiwekwe ng'ambo ya pili.