Pumziko la mzee si sadaka



Wengi wenu mmekwisha kuona katika simu picha za wazee wa Ulaya na Marekani waliostaafu kazi. Asubuhi mzee yuko katika uwanja wa gofu. Mchana anatazama ramani na kupanga safari. Jioni amezungukwa na wajukuu, anawafunulia albamu ya picha za jamaa. Kisha mnainua macho na kumwona nkambo wenu ameketi chini ya mwembe, fimbo mapajani, akitazama njia. Wengine husema, kwa sauti au moyoni: wale ni wastaafu, huyu wetu ni mzee tu, na kazi yake iliyobaki ni kungoja kufa.

Hukumu hiyo hatuna budi kuikataa. Mzee wa Mitwaba na mzee wa ng'ambo wanatamani mambo yaleyale matatu: saa za kucheza, nafasi ya kwenda mahali wanapopapenda, na watu wa kuwasikiliza wanapokumbuka. Tofauti haiko katika tamaa zao. Iko katika hili, kwamba mmoja alilipwa pumziko lake na mwingine bado analidai. Ndiyo sababu tunasema kwamba pumziko la mzee si sadaka. Ni sehemu ya mshahara wake, iliyowekwa kando kwa ajili ya siku ambazo mikono haitaweza tena.

Tuanze na maana ya pensheni yenyewe, kwa kuwa vijana wengi hudhani ni zawadi ya serikali. Katika nchi yetu mfuko wa taifa wa kuwahifadhi wafanyakazi, INSS, ulianzishwa mwaka 1961. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliupa mpango huo kanuni mpya, na leo mfuko unaitwa CNSS. Kila mwezi mfanyakazi hukatwa asilimia 5 ya mshahara wake kwa ajili ya uzee, na mwajiri huongeza asilimia 5 nyingine. Afikapo umri wa miaka 60, ikiwa ametimiza masharti ya kuchanga, ana haki ya kulipwa. Fedha hiyo haitoki katika huruma ya mtu. Ni jasho lake mwenyewe lililohifadhiwa. Anayemcheleweshea mzee pensheni hamnyimi msaada. Anashika mshahara wake.

Sasa tuangalie yaliyowapata wazee wa Katanga. Familia nyingi za kwetu zina baba au nkambo aliyeacha kijiji kwenda kutafuta kazi Likasi, Kolwezi au Lubumbashi. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, iliwahi kuwachukua wanaume kwa mikataba mifupi na kuwarudisha vijijini. Kuanzia miaka ya 1920 ilibadili njia: iliwataka wakae, waje na wake zao, wazae watoto kambini. Iliwapa nyumba, posho ya kila juma, hospitali na shule. Ndipo watu walipozoea kusema kwamba kampuni ni baba na tena ni mama. Baada ya kampuni hiyo kutaifishwa na kuwa Gécamines, msemo ule uliendelea, na mwaka 1986 shaba iliyotolewa ilifika tani 476,000 hivi.

Lakini baba huyo alizeeka kabla ya watoto wake. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, uliporomoka, na miaka iliyofuata uzalishaji ulianguka vibaya. Mishahara ilikosekana mwezi baada ya mwezi. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wengi walikuwa wanaidai kampuni malimbikizo ya miaka. Walipewa fungu moja la fedha, wakaambiwa waanze maisha mapya. Hawakuridhika kwamba hesabu ilikuwa sahihi, wakaunda umoja wao wa kudai kilichobaki. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliwaandikia watu hao kitabu mwaka 2001, na katika jina la kitabu hicho akawaita wana wa Shaba walioachwa na baba yao.

Hapa Mitwaba jambo lina uzito zaidi. Katika miaka ya vita vya Mayi-Mayi, mpaka Gédéon Kyungu Mutanga alipojisalimisha hapahapa mwezi wa Mei 2006, vijiji vingi vilikimbiwa na nyumba nyingi zikachomwa. Mtu anayekimbia usiku humbeba mtoto. Habebi kabati la karatasi. Kwa hiyo mzee aliyepoteza kadi yake ya kazi alipoteza ushahidi wa miaka 20 au 30 ya jasho, na aliyepoteza picha za arusi yake alipoteza ushahidi wa ujana wake. Tukimwona amekaa kimya, tusidhani hana la kusema.

Najua baadhi yenu watajibu: "Wazee hao walipata fedha mwaka 2003. Wengine walinunua taksi chakavu, wengine wakafungua duka lililokufa kabla ya mwaka kwisha. Leo walaumu nani?" Jibu hili lina sehemu ya kweli. Wako walioitumia fedha vibaya. Lakini tuhesabu kwa haki. Mtu aliyekaa muda mrefu bila mshahara huwa ana madeni dukani, shuleni na kwa majirani. Fedha ikifika, huingia mlango mmoja na kutokea mlango mwingine. Tena mtu aliyepewa posho, nyumba na dawa na kampuni maisha yake yote hakufundishwa biashara hata siku moja. Kumtaka awe mfanyabiashara hodari akiwa na miaka 55, katika jiji ambalo wenzake wote wamefungua duka la namna ileile, ni kumtupa mtoni na kumcheka kwa kuwa hajui kuogelea.

Wengine watasema: "Sisi wenyewe hatuna kazi. Tutashughulikiaje pumziko la wengine?" Swali hili ni zito kuliko la kwanza. Tutalirudia. Kwanza tuone kile ambacho kijana asiye na fedha aweza kumlipa mzee.

Jambo la kwanza ni mchezo. Jijini Lubumbashi neno Golf ni jina la mtaa wa nyumba kubwa, uliopata jina kutokana na uwanja wa mchezo huo, na enzi za ukoloni michezo ya namna ile ilikuwa ya Wazungu. Hata hivyo, faida ambayo mstaafu anaipata katika gofu si siri. Anatembea kilomita kadhaa akifuata mashimo 18, anapiga hesabu ya kila pigo, anataniana na wenzake, na anarudi nyumbani akiwa na habari ya kusimulia. Wazee wetu nao wana mashimo yao: yale ya kisolo, yaliyochimbwa ardhini au katika ubao, na mbegu zake. Kisolo kinataka hesabu, kumbukumbu na hila. Mzee aliyekiwea aweza kumshinda mwanafunzi wa hesabu mbele ya umati. Kinachokosekana ni mwenzi wa kucheza naye, kwa maana rika lake limekwisha kwenda. Kijana akikaa naye saa mbili za Jumamosi, akakubali kushindwa na kufundishwa, amemrudishia mzee sehemu ya pumziko lake. Wala asidhani amefanya tendo la huruma, maana yeye ndiye aliyefunzwa.

Jambo la pili ni safari. Waulizeni wazee wenu wangependa kwenda wapi kabla ya kufunga macho. Wachache watataja Ulaya. Wengi watataja kijiji fulani katika milima ya Kibara, kaburi la mama, au kambi ya wafanyakazi ya Likasi walikozaliwa watoto wao. Kwa mtu mwenye gari jema hiyo ni safari ndogo. Kwa mzee wa Mitwaba, mamia ya kilomita za barabara ya Lubumbashi, hasa wakati wa masika ambapo magari hukwama katika matope, ni mradi mkubwa kuliko kuvuka bahari. Tunayo sikukuu inayofaa sana: tarehe 1 Agosti, siku ya wazazi, ambayo Wakongo huenda asubuhi kusafisha makaburi na mchana kula pamoja na wazazi walio hai. Siku chache kabla yake, Jumapili ya nne ya Julai, huangukia Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani, ambayo Papa Fransisko aliianzisha mwaka 2021. Kikundi cha vijana cha parokia kikianza likelemba mwezi wa Januari, mwezi wa Julai kitakuwa na nauli ya mzee mmoja na ya mjukuu wa kumsindikiza. Mmoja kwa mwaka si wengi. Lakini mzee huyo atakuwa ameufikia mpango wa safari aliokuwa nao kwa miaka kumi, na wenzake watajua kwamba zamu yaweza kuwafikia.

Jambo la tatu ni kumbukumbu. Mwaka 1965, jijini Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, mtu mmoja aitwaye André Yav aliandika historia ya jiji hilo kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Hakuandika kwa Kifaransa cha wakubwa. Aliandika kwa Kiswahili cha Katanga, akaeleza jinji jiji lilivyojengwa na jinsi wapishi na maboyi walivyoishi. Leo wataalamu wa mbali huisoma kazi hiyo na kuifafanua, kwa kuwa hakuna ofisi iliyokuwa imeyahifadhi mambo hayo. Wachoraji wa Lubumbashi nao walifanya vivyo hivyo kwa rangi: picha zao za ukumbusho zilitundikwa sebuleni katika nyumba za wafanyakazi, ili wageni waulize na mwenye nyumba asimulie.

Basi twaweza kufanya vilevile. Chukueni daftari. Andikeni jina la mzee, kampuni aliyoitumikia, namba yake ya kazi kama anaikumbuka, mwaka aliouingia na mwaka aliotoka, majina ya wasimamizi na ya wenzake wawili walio hai. Kisha andikeni na mengine: alimpataje mama, mtoto wa kwanza alizaliwa hospitali gani, walikula nini siku ya mshahara, bukari na samaki au bukari na sombe. Daftari hilo litakuwa na kazi mbili. Kwa familia ni albamu mahali pa ile iliyoungua. Kwa mzee anayedai haki yake ni mwanzo wa faili: mwenye majina na tarehe husikilizwa kuliko mwenye machozi peke yake. Na siku ya kwenda ofisini, kijana anayesoma Kifaransa vizuri aende naye, amsomee kila karatasi kabla hajaweka kidole.

Sasa turudi kwa swali lile: kijana asiye na kazi atashughulikiaje pumziko la mwingine? Tunajibu kwamba anashughulikia la kwake. Tazameni vijana wanaoacha shule kwenda kuchimba kasiteriti na dhahabu. Wana nguvu, na siku nyingine wanapata fedha kuliko mwalimu. Lakini hakuna anayewakatia asilimia 5 wala kuwaongezea 5. Hakuna jina lao katika kitabu chochote. Shimo likiporomoka, au mgongo ukichoka, watarudi nyumbani mikono mitupu wakiwa bado vijana. Wazee wa Gécamines walikuwa na karatasi, na hata hivyo wameteseka. Itakuwaje kwa kizazi kisicho na karatasi kabisa? Kwa hiyo kila anayepata kazi ya mshahara aulize siku ya kwanza kama mwajiri anamwandikisha CNSS, na asione haya kuuliza. Anayechimba au kulima aweke kitu kando, katika likelemba ya watu anaowaamini, katika mbuzi, katika mafuta ya kuendeshea kinu, katika shamba la michikichi. Akiba haiozi, wasemavyo wahenga. Na wote kwa pamoja, tukizungumza na viongozi wetu, tusiombe barabara na shule tu. Tuwaulize pia kuhusu madeni ya wazee, maana nchi inayowazoeza vijana kuona mzee akidhulumiwa inawafundisha kwamba kazi halali haina faida.

Amri ya kuwaheshimu baba na mama haikuwekwa kwa ajili ya watoto wadogo peke yao. Inamhusu zaidi mtoto aliyekwisha kuwa na nguvu mbele ya mzazi aliyezipoteza. Heshima hiyo haitimii kwa kumpigia mzee magoti asubuhi na kumpita mchana kutwa kana kwamba ni jiwe. Inatimia tunapomhesabu kuwa mtu tunayemdaiwa: saa za mchezo, nauli ya safari, sikio la kumsikiliza, na sauti ya kudai pamoja naye kile alichokitolea jasho. Jumamosi ijayo, kabla ya mazoezi ya kwaya, kila mmoja achague mzee mmoja, abebe daftari na kalamu, na amwulize mwaka alioanza kazi.