Mpangaji Asiyealikwa

Ukinunua nyumba ukute wapangaji wa muuzaji wangali ndani, utanyamaza? Mbona basi kwa vipakatalishi twanyamaza?

Dada yangu alinunua kipakatalishi kipya kwa pesa za chama. Lo! Ukikiwasha, waweza kwenda jikoni, uchemshe chai, urudi kingali kinajivuta. Fundi akadai ati kiongezwe kumbukumbu kwa shilingi 4,000.

Kumbe wapi! Nilibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ikafunguka, nikaingia sehemu ya Startup. Hapo nikaona programu 11 za kuja nacho, zote zikiamka kinapowashwa: michezo, duka, hata kinga ya virusi ya majaribio ya siku 30, ilhali Windows ina kinga yake. Za sauti na kipanya sikuzigusa. Zisizo na faida nilizizima, nyingine nikazifuta kabisa. Sasa ni chepesi kama swara, na zile 4,000 zimo mfukoni mwa dada.

Wenye programu hizo huwalipa watengenezaji ili ziwekwe humo. Anayeumia ni mnunuzi. Tena si uzito tu. Mwaka 2015 ilibainika kwamba Lenovo iliuza vipakatalishi vyenye Superfish, programu ya matangazo iliyohatarisha siri za wenyewe.

Naonelea mnunuzi aulizwe kwanza. Nasi tukague kabla ya kumkimbilia fundi. Mwenye nyumba ndiye aamuaye nani alale ndani.

Yangu ni hayo.