Ubao wa bingwa wa Australia hauna kazi Coco

Kijana akitokea Coco Beach na ubao wa mawimbi kwapani, swali la kwanza la wenzake ni rahisi kulitabiri: "Wa wapi huo?" Akijibu Australia, heshima inapanda. Lakini swali lilitakiwa liwe jingine: huo ubao unafaa mawimbi gani?

Tuelewane, mchezo huu si wa watalii tu tena. Uliingia Olimpiki kwenye michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021, na Bianca Buitendag wa Afrika Kusini akaondoka na medali ya fedha. Mwaka 2028 utakuwemo tena, Los Angeles wakiwa wenyeji. Sisi tuna bahari kuanzia Tanga hadi Mtwara. Ila kijana wa Kinondoni au Temeke anayetaka kuanza, ubao mmoja mpya kwake ni pesa ndefu. Akikosea kuchagua, hana wa pili.

Tuutazame ubao wenyewe. Ule mfupi wa mashindano, wa mafundi wa Gold Coast kama DHD na JS, kwa mtu wa kilo 70 hivi unakuwa na urefu wa karibu futi 6, upana chini ya inchi 19 na ujazo wa lita 27 hivi. Pua imechongoka na kupinda juu, chini kuna mapezi matatu. Mpangilio huo ni kazi ya Simon Anderson wa Sydney, aliyeshinda nao Bells Beach mwaka 1981, na dunia nzima ikamfuata. Ni ubao uliochongwa kwa ajili ya wimbi refu, lenye kasi na ukuta uliosimama. Wimbi linaleta nguvu, ubao unaleta kona.

Sasa njoo Dar. Kunduchi na Mbezi Beach zimekingwa na visiwa vya Mbudya na Bongoyo. Coco iko wazi zaidi, lakini mawimbi yake mengi yanasukumwa na kusi, katikati ya mwaka: mafupi, yamevurugika, hayana msuli. Kwenye bamvu maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, na yakipwa miamba inatoka nje. Hapo ubao wa lita 27 utakuchosha mabega, wimbi litapita chini yako na wewe umebaki palepale. Ni sawa na kuvaa njumu za meno ya chuma kwenye kiwanja cha vumbi kule Temeke: umelipa ghali ili uteleze.

Nani achukue nini? Anayeanza atafute ubao laini wa futi 8, lita 70 au zaidi. Aliyekwisha kusimama na kugeuza, achukue mfupi lakini mnene, upana wa inchi 20 kwenda juu, lita 33 hadi 36, hata wa mapezi mawili. Hakuna aibu. Mark Richards, Mwaustralia aliyekuwa bingwa wa dunia mara 4 mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, jina lake lilijengwa na mapezi mawili. Hata mafundi wa Gold Coast wana mbao za mawimbi madogo. Shida ni yetu, tunachagua kwa picha ya bingwa.

Kuna jambo lingine ambalo muuzaji anaweza asikwambie. Ubao utapasuka tu, ni suala la muda. Mafundi wa boti za faiba tunao, na gundi yao ya kawaida ni ya poliesta. Ubao wa povu la poliyurethani unaipokea vizuri. Ule mwepesi wa povu la polistirini, uliofunikwa kwa epoksi, ukitiwa poliesta povu linayeyuka na ubao umekwisha. Uliza povu kabla hujauliza jina la kampuni.

Kwa wadau wanaotaka kusaidia vijana, hesabu ni nyepesi. Badala ya kuleta ubao mmoja wa kishindani wa kupigia picha, leteni laini kadhaa za kupokezana, na mwalimu wa kuogelea. Asiyejua kuogelea hata ubao wa bingwa hautamwokoa kamba ya mguuni ikikatika. Wa mashindano utakuja siku tukiwa na mtu ambaye ule mnene umekuwa mdogo kwake.