Bibi au pembe?

Mwandishi wa kale wa Mombasa au Lamu alipoandika herufi mbili za ba, kila moja na alama ya kasra chini yake, alimwachia msomaji kazi. Neno hilo laweza kuwa "bibi". Laweza pia kuwa "pembe", kwa sababu herufi za Kiarabu hazina p, kasra moja hubeba i na e, na m inayotangulia b mara nyingi haikuandikwa. Anayekata shauri ni msomaji aliyelelewa na lugha, anayesikiliza vina, mizani na maana ya ubeti mzima.

Msomaji huyo anaadimika, na hiyo ni hasara kubwa kuliko miswada yenyewe kuhifadhiwa mbali na pwani.

Tazama mashairi ya Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840, yaliyokusanywa miongo kadhaa baadaye na mmisionari William Taylor. Lakini bega kwa bega naye alikuwapo Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwanazuoni wa Mombasa, aliyeyapata kwa wazee waliokuwa bado wanayakumbuka, akayaandika na kuyafafanua. Ndiye aliyejua nani alikuwa anajibiwa katika ubeti upi, na kwa kisa gani. Karatasi hizo zimehifadhiwa katika chuo cha SOAS, London, katika mkusanyo unaoitwa kwa jina la Taylor, na diwani ikachapishwa na William Hichens mwaka 1940. Sikujua anastahili kutajwa kila Muyaka anapofundishwa.

Hata katika zama za kompyuta kazi haikubadilika. SOAS ilipoandaa orodha ya miswada yake ya Kiswahili, ilitegemea masikio ya watu wa pwani: Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa na Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu. Wote wawili wamekwisha kufariki.

Dar es Salaam nako kuna hazina. Mwaka 1970 mtafiti J. W. T. Allen alichapisha orodha ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu, pamoja na kanda za sauti, iliyokuwa katika maktaba ya chuo kikuu. Hata hivyo, mwanafunzi anaweza kupata shahada ya Kiswahili, akauchambua vizuri Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, bila kuwahi kuusoma hata ubeti mmoja katika hati yake ya asili ya Kiarabu. Hilo halifai kuendelea.

Dawa yake haina gharama kubwa. Vijana wengi wa Tanga, Unguja, Lamu na Mombasa wametoka chuoni kwa mwalimu wa Kurani wakizijua herufi hizo tangu utotoni. Nusu ya safari wameimaliza. Idara za Kiswahili ziwape muhula mmoja wa kusoma miswada, nakala ya utendi mezani, na mzee wa mji anayejua Kiamu au Kimvita cha zamani aketi nao darasani, alipwe kama mwalimu, na jina lake liandikwe kwenye kila ukurasa aliousaidia kusomeka.